Kitambaa Kilichotafuta Bega

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu, Mama Bega anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini. Kesho asubuhi cherehani iliyo karibu na mlango itakuwa kimya, na sisi tunaobaki tutalazimika kujitafutia pini wenyewe, maana kwa miaka yote hii pini zote za chumba kile zimeishi kwenye kola yake.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, fundi wa cherehani ya dirishani, niandike na kuwasomea wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na mitatu. Matroni, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, alinionya mambo mawili: nisiandike marefu, na nisitie chumvi. Hilo la pili nimelitii.

Tuanze na jina. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye cheti cha utumishi atakachokabidhiwa leo, na nina hakika likisomwa, nusu ya ukumbi itageuka kumtafuta huyo mgeni ni nani. Sisi tunamjua kwa jina la Mama Bega, na jina hilo limetokana na kazi yake. Mama Bega hakati kitambaa mpaka akiweke kwanza kwenye bega la mtu atakayekitumia. Atakiweka bega la kushoto, atarudi nyuma hatua chache, atainamisha kichwa, atafumba jicho moja, kisha atatamka maneno mawili tu: kina mwenyewe. Hapo ndipo mkasi unaposhikwa. Hata kitambaa cha pazia kinapita njia hiyo hiyo. Atamwita muuguzi wa wodi husika, atamsimamisha katikati ya chumba na kumtupia pazia begani kama bibi harusi, na muuguzi atasubiri kwa adabu. Na Mama Bega akishatamka kwamba kina mwenyewe, mambo yamekwisha. Hata Daktari Mkuu hana uwezo wa kukihamisha.

Wageni huuliza sababu. Yeye hujibu kwamba nguo iliyokatwa bila kujua mwenyewe ni nani humbana kila mtu.

Aliajiriwa akiwa msichana mwembamba, wakati huo ushonaji ukiwa ni kona tu ya chumba cha kufulia, na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu iliyopiga kelele kuliko jenereta. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia viraka kwenye mashuka. Wazee wanasimulia kwamba alitia viraka vizuri mno hata wagonjwa wakaanza kuyaomba yale mashuka yenye viraka, wakisema ni ya wodi ya wakubwa. Miaka ikasonga, kona ikawa chumba, cherehani moja zikawa nne, na yule msichana akawa mkuu wa chumba. Wembamba nao ulistaafu mapema, mwenyewe hupenda kusema hivyo, kwa hiyo msinisingizie mimi.

Wafanyakazi vijana hawajui zamani gauni la mgonjwa lilivyokuwa. Lilifungwa nyuma kwa vikamba viwili, na vikamba hivyo vilikuwa na uaminifu wa mashaka. Mgonjwa akitembea kwenye korido, mkono mmoja ulishika ukuta na mwingine ulishika heshima yake kwa nyuma. Mama Bega lilimkera jambo hilo kuliko mshahara kuchelewa. Akakaa, akachora, akafumua, akashona tena, mpaka akapata gauni linalopishana nyuma na kufungwa ubavuni. La kwanza alivishwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amelazwa wodi ya wanaume. Mzee yule alijikagua mbele na nyuma, akaachia ukuta, akatembea korido nzima mikono ikining'inia, akarudi, kisha akaenda tena bila ya kuwa na shida yoyote huko alikokwenda. Uongozi uliliidhinisha gauni lile wiki hiyo hiyo na ndilo tunalolitumia hadi leo.

Yapo pia mapazia ya wodi ya watoto, yenye mifuko, na ndani ya kila mfuko mnyama wa kitambaa. Mtoto anayeogopa sindano anaruhusiwa kuchagua mnyama mmoja wa kumshika mkono. Wengi huondoka nao, na hakuna anayewauliza, kwa hiyo kila Ijumaa Mama Bega hushona wanyama wengine wa kujaza mapengo. Mmoja kati yao hajulikani hadi leo kama ni tembo au birika. Cha kushangaza, ndiye anayependwa kuliko wote.

Kuhusu siku ile suruali ya Daktari Mkuu ilipopasuka dakika chache kabla ya wageni kuingia, sitasema mengi, kwa kuwa mwenyewe amekaa safu ya mbele. Nitasema tu kwamba alisimama nyuma ya mlango amejifunga shuka la wodi ya pili, na kwamba hotuba yake ya siku hiyo ilikuwa fupi na nzuri.

Si malaika, na asiudhike nikisema. Chai anayoipika ina sukari ya kutosha harusi. Anaimba akishona, na wimbo na sauti yake kila mmoja hushika njia yake. Na ole wake mtu atakayekata karatasi kwa mkasi wake wa kitambaa. Karani mmoja wa ofisi ya malipo alifanya hivyo, akiwa na haraka zake, na kwa muda wa mwaka mzima kila kifungo chake kilichodondoka alikishona mwenyewe.

Sasa nifike kwenye nguo zake, maana hapo ndipo penye habari.

Katika miaka kumi na mitatu sijawahi kumwona Mama Bega amevaa nguo iliyotoka kwenye kitambaa kizima. Nguo zake zote zimeshonwa kwa mabaki. Ana gauni lenye mikono iliyotokana na mapazia ya daktari wa meno, mgongo wa nguo za chumba cha upasuaji, na mfuko wa shuka la wodi ya wazazi. Limeshonwa kwa ustadi, hakuna mshono uliokaa vibaya, lakini mtu ukimtazama unaweza kuisoma historia ya mapazia ya hospitali hii tangu mwanzo. Tukimtania, alikuwa anacheka na kusema kitambaa kizima mwilini mwake ni uharibifu. Tulidhani ni utani wake tu.

Miezi mitatu iliyopita kamati ilikaa kuamua zawadi ya kumuaga. Mpishi mkuu alitaka sanduku la safari. Mlinzi wa getini, tunayemwita Kamanda, alipendekeza redio, na tukajua redio hiyo ingeanza kwa kufanyiwa majaribio getini. Matroni ndiye aliyesema tumpe kitambaa, kitambaa kizima, kizuri, ambacho hakijatoka kwenye dirisha lolote. Sote tukaunga mkono. Mimi na Matroni tulizunguka maduka mpaka miguu ikawaka moto, tukakipata: rangi ya biringanya iliyoiva, kizito kiasi, kinachoteremka vizuri, kimetawanyiwa vijimaua vidogo vya rangi ya dhahabu. Matroni alikigusa mara moja tu akaacha kuongea, na wanaomjua Matroni wataelewa uzito wa jambo hilo.

Tukampa mapema ili apate muda wa kushona vazi la siku ya leo. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na watu wa hospitali hii tu. Tulimkabidhi mikononi, kimefungwa kwa karatasi na utepe, tukapiga makofi, tukamwambia akishone apendavyo. Kati yetu sote, tuliosimamishwa katikati ya chumba kile na kuwekewa vitambaa begani miaka nenda miaka rudi, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwekea yeye begani. Kwa hiyo, kwa sheria yake mwenyewe, kitambaa kile kilikuwa bado hakina mwenyewe. Basi akaanza kumtafuta.

Alianza na mimi. Nikahisi kitu kizito na laini kimenidondokea begani, nikageuka, nikamwona amerudi nyuma, amefumba jicho. Nikaanza kuwaza mtindo wa mikono, siwezi kuficha. Akapumua kwa nguvu, akakiondoa, akakikunja. Kesho yake akakipeleka jikoni kwa mpishi mkuu. Kesho kutwa yake akaenda nacho getini. Ndani ya wiki chache kitambaa kile kilikuwa kimezunguka hospitali kuliko toroli ya dawa. Hata Daktari Mkuu aliwekewa begani akiwa kwenye simu, naye akaendelea kuongea bila kuonyesha mshangao wowote.

Yale maneno mawili Mama Bega hakuyatamka popote, lakini watu husikia wanachotaka kusikia. Mpishi mkuu aliwatangazia wakwe zake kwamba ameshapata vazi la harusi ya shemeji yake. Kamanda, ambaye hajawahi kuonekana amevaa kitu chenye maua, alinunua viatu vya rangi ya maziwa akisema vitakwenda vizuri na shati jipya analolitarajia. Wahudumu wawili wa maabara walinuniana kuhusu ni bega la nani lililokaliwa kwa muda mrefu zaidi. Na kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja alisema kishonwe suti ya sketi na koti, mwingine akasema mapazia ya sebuleni, mwingine foronya. Huyo wa foronya tulimwomba arudi kazini.

Jioni nyingine, chumba kikishatulia, nilikuwa namwona Mama Bega amekitandaza kwenye meza ya kukatia, ameshika tama. Yeye, ambaye bibi harusi akiingia na kitambaa hajui la kufanya nacho hutoka na mchoro mkononi kabla chai haijapoa, alikitazama kile kitambaa kama mtihani ambao hakuusomea. Halafu alikikunja, akakirudisha kabatini. Siku zilikuwa zinakwisha, na mimi roho ilikuwa juu.

Wiki mbili kabla ya leo akakata shauri. Alitangaza wakati wa chai kwamba atakigawa kitambaa chote vipande vipande: vilemba kwa wanawake, leso za mfukoni kwa wanaume, kila mmoja apate kidogo. Alisema kwa furaha kabisa, uso unang'aa, kama mtu aliyetua mzigo. Papo hapo akakitandaza, akachukua chaki, akaanza kuchora mistari. Mimi nilikaa kwenye cherehani yangu na kijiko mkononi. Nilitaka kusema neno, na kila nililolipata lilikuwa la kumvunjia heshima. Kitambaa kikishakatwa vilemba hakirudi tena kuwa gauni, na hili alilijua yeye kuliko mtu yeyote. Mkasi ulikuwa pale pale mezani.

Mungu si wa mtu mmoja, saa hiyo hiyo akaingia mdogo wake. Wengi mnamfahamu, ni yule mwalimu, kitindamimba wao, anayekuja kupunguziwa sketi zake na kuondoka na nusu ya maandazi yetu. Akatazama meza, akauliza kinachoendelea. Akaelezwa. Akauliza cha dada yake kiko wapi. Mama Bega akajibu, huku anaendelea kuchora, kwamba yeye atavaa lile la mikono ya daktari wa meno, bado liko imara.

Mwalimu akaweka mkoba chini. Hakulia, alikasirika, kama anavyokasirika mwalimu akikuta darasa zima halijafanya kazi. Akatuambia jambo ambalo katika miaka yote hii hatukulijua. Kwao walizaliwa sita, na Mama Bega ndiye wa kwanza. Mama yao alimfundisha cherehani angali mdogo, na kitambaa kipya kikiingia nyumbani, yeye ndiye aliyewashonea wadogo zake wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akaunganisha vipande vilivyobaki akajishonea yeye. Mwalimu alisema utoto wake wote alivaa magauni mapya yaliyopepea, akacheza nayo uani, na dada yake akiwa dirishani anamtazama na kucheka. Akasema hakuna siku hata moja ambayo yeye, au mama yao, au mtu mwingine yeyote, alimuuliza dada yake anataka kushonewa nini.

 Mama Bega alisema kwa sauti ndogo kwamba hayo ni mambo ya zamani, na kwamba yeye hakuwahi kulalamika. Mwalimu akasema hilo ndilo linalomuuma.

Kisha akakichukua kile kitambaa mezani, akakikung'uta chaki, akakikunjua, akamzunguka dada yake na kumwekea kwenye bega la kushoto. Akarudi nyuma hatua chache. Akainamisha kichwa, akafumba jicho moja, na akatamka kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha kufulia:

Kina mwenyewe!

Natamani mngeiona sura ya Mama Bega.  Ilionekana wazi anaipekua ile sheria yake kona zote, akitafuta mshono uliolegea. Hakuupata. Akapeleka mkono begani akiondoe, na Matroni, aliyekuwa amekuja kunywa chai yetu kama kawaida yake, akamkumbusha kwamba kitambaa kikishatamkiwa, hata Daktari Mkuu hana uwezo wa kukihamisha. Mama Bega akakaa kwenye kigoda, kitambaa bado begani, akalia kidogo, akacheka sana, na pini mbili zikamdondoka kwenye kola.

Likabaki swali la nini kishonwe, na safari hii hatukumpa ushauri. Mwalimu aliuliza mara moja tu: dada, unataka nini? Tukasubiri. Birika likachemka, hakuna aliyeinuka kulizima. Mama Bega akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, kwamba tangu akiwa mtoto alikuwa anatamani gauni la duara. Lile pana chini, ambalo ukigeuka nalo linafunguka. Akaharakisha kuongeza kwamba yeye sasa ni bibi wa wajukuu watano na mambo hayo si ya umri wake. Matroni akamwambia kwamba kwenye fani yake ya uuguzi hajawahi kukutana na umri unaozuia mtu kugeuka.

Ndipo Mama Bega akaitoa tepu ya kupimia shingoni mwake, inapokaa siku zote, akanipa mimi. Sikuelewa kwanza. Kisha akasimama katikati ya chumba, pale pale alipotusimamisha sisi sote, akainua mikono. Aliinua vibaya, juu mno, kama mtoto, kwa kuwa hakujua mtu anayepimwa husimamaje.  Nilimpima mabega, kifua, kiuno, urefu mpaka kwenye kifundo cha mguu, na yeye akavumilia asinisahihishe ila mara mbili tu.

Mabadiliko hayo yalipokelewa vyema kote. Mpishi mkuu aliwaambia wakwe zake kwamba kitambaa kimepata bega linalokistahili, akaazima gauni la dada yake. Kamanda amebaki na viatu, na ninaomba wote mvisifie, kwa kuwa amevivaa leo. Wahudumu wa maabara wamepatana.

Gauni nimelishona mimi, mshono kwa mshono, kwa siku nilizopewa ruhusa ya kufunga mlango wa ndani. Mama Bega alijaribu kuchungulia, nikamfukuza. Alichoomba ni kitu kimoja tu, kwamba nimtunzie mabaki, huenda yakafaa kwa mikono ya gauni lingine. Nikamwitikia vizuri. Gauni la duara hula kitambaa kingi na kuacha pembe pembe, na pembe hizo zote nilizitunza kama alivyoagiza, ila si kwa kazi aliyoitaja.

Mama Bega, umekaa meza ya mbele ndani ya gauni lako jipya na mgongo wako uko kwetu, nasi tulisubiri ukae kwanza, kwa hiyo naamini bado hujaona. Geuza shingo utazame ukumbi. Mtazame Matroni, mpishi, Kamanda, Daktari Mkuu, wauguzi wa wodi zote, wapishi, wafuaji, na mdogo wako pale karibu na mlango. Kila mmoja amebandika kipande kidogo cha rangi ya biringanya kwenye bega la kushoto. Miaka thelathini na minne umevaa mabaki yetu. Leo sisi ndio tumevaa mabaki yako, na tumeyavaa kwa fahari.

Asante kwa magauni yasiyoaibisha mtu, kwa tembo ambaye huenda ni birika, kwa chai tamu kupita kiasi, na kwa kutujua mabega yetu mmoja mmoja. Nenda nyumbani kwa amani, upumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Tunakuombea afya, siku ndefu, na vitambaa vizima kuanzia sasa.

Na kabla hujakabidhiwa cheti, kwa niaba ya ukumbi mzima nina ombi moja. Simama, Mama Bega, njoo hapa katikati penye nafasi, ugeuke.